Ng'ombe wa Kompyuta ya Tatu

Bariadi, msimu wa pamba, 2008

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili ni la ginneri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wangu wa mwaka 1991: mashine imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, imekataa nini. Ushirika ulipoishiwa nguvu na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, tuliambiwa twende nyumbani. Wenzangu waliondoka na misumari na mabati. Mimi Malimi, fundi mashine wa miaka ishirini, niliondoka na daftari. Nikiwa mkweli, ndicho kiinua mgongo changu.

Sasa nina chumba cha kompyuta tano za mitumba, vijana wanakuja kucheza gemu. Leo asubuhi tatu zimekataa kuamka. Virusi tena. Kila mteja anakuja na flash yake mfukoni, na kila flash ina ugonjwa wake. Fundi Joakim ameshazifuta na kuzipandikiza upya mara nne tangu Pasaka, na Windows anayoweka ni ya kunakili, inaanza kuumwa kabla hajafika kwake.

Jenifer, mwanangu, amerudi kutoka chuo Dar. Ameniambia, "Baba, tuweke Linux badala ya Windows. Haipati hivi virusi, na ni ya bure." Akanionyesha sidii alizotumiwa kwa posta kutoka nje, hakulipa hata stempu. Kitu cha bure kutoka ng'ambo nilichowahi kupewa mimi ni unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mwaka wa njaa, na mpaka leo tumbo linaukumbuka.

"Gemu je?" nikamuuliza. "Hiyo Linux inacheza gemu?"

"Zipo."

Zipo. Sawa.

Jumanne, 3 Juni

Tumekubaliana hivi. Namwachia chumba msimu huu mmoja, wakati watu wana hela ya pamba. Gemu zikisimama, anabaki Bariadi na chumba kinakuwa chake. Zikianguka, anakwenda Dar kwa mjomba wake ambako kuna kazi. Amesema mwenyewe, bila hasira. Mama yake ana miaka minne kaburini. Nikibaki peke yangu kwenye nyumba ile nitaongea na sufuria. Kwa hiyo nikasema ndiyo, weka hiyo Linux yako. Sikuikubali kompyuta. Nilimkubali yeye.

Jumanne, 10 Juni

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Vijana wote wanataka gemu la mpira, lile lenye timu za Ulaya, na hilo limetengenezwa kwa Windows. Jenifer ana programu ya kulidanganya gemu lidhani liko kwenye Windows. Amehangaika siku tatu. Leo likafunguka, tukashangilia, kisha wachezaji wakatokea uwanjani bila vichwa. Jezi, mikono, miguu, viatu, vichwa hakuna. Mpira wanaupiga vizuri tu.

Mteja wangu Masunga alikuwepo. Huyu ni mkulima wa Lalago, mtu mzima mwenye wake wawili. Kila akileta pamba mjini lazima apitie kwangu acheze kidogo kabla hajarudi na baiskeli yake. Akatazama muda mrefu, akauliza, "Mzee Malimi, sasa kona ikipigwa, wanafunga na nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaona Masunga anavuka barabara kwenda kwa Maftaha, na kicheko kikaisha.

Jumatano, 11 Juni

Niandike habari za Maftaha. Ni mfanyabiashara, duka lake linatazamana na langu. Mwezi wa nne aliongeza chumba cha kompyuta nane, zote mpira, zote vichwa vipo. Si mtu mbaya. Huo ndio ubaya wake.

Jumamosi, 14 Juni

Vumbi. Watu wanne.

Alhamisi, 19 Juni

Vumbi. Watu watatu. Wamecheza pengwini anayeteleza kwenye barafu. Mmoja akauliza barafu ile yote wanaigandishia nini.

Jumatano, 25 Juni

Kitu kimoja niseme kwa haki. Wiki tatu sasa, mashine zote tano zinaamka kila asubuhi. Hakuna aliyekuja kufuta wala kupandikiza. Kule ginneri tungesema zinakula vizuri. Lakini mashine inayokula vizuri bila pamba ya kuchambua ni ya nini? Inanguruma tu.

Jumatano, 2 Julai

Jenifer ameanza kukaa na kompyuta ya tatu, ile yenye nguvu kuliko zote. Anaandika. Nikichungulia naona mistari ya Kiingereza kama mchwa. Nikamuuliza unaandika barua kwa nani.

"Natengeneza gemu, baba."

"Wewe?"

"Mimi. Kwenye Linux vifaa vyote vya kutengenezea vinakuja humohumo. Kama hatuna gemu la watu, tuwe na letu."

"La nini?"

"La ng'ombe."

Dunia nzima inacheza mpira, mwanangu niliyemsomesha ananitengenezea ng'ombe.

Jumamosi, 12 Julai

Amekwenda Sapiwi kwa mama yangu, bibi Nyanjige, amerudi na simu imejaa sauti. Amemrekodi bibi anavyoita ng'ombe jioni. Akazihamishia kwenye kompyuta ya tatu, akazifuta kwenye simu maana simu yenyewe haina nafasi, akaniita nisikilize.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Mama yangu ana miaka themanini na kitu, lakini akiita ng'ombe sauti inakuwa ya msichana. "Uhuuuru! Hooo! Uhuuuru!" Uhuru ni ng'ombe aliyezaliwa mwaka sitini na moja, nami nikiwa na miaka minane, nikamchunga mpaka akazeeka. Amekufa zamani sana. Mama mpaka leo kila ng'ombe anayetangulia kundi anamwita Uhuru.

Nilimwambia Jenifer ni nzuri. Nikatoka nje, nikajifanya naangalia baiskeli.

Jumapili, 20 Julai

Masunga amecheza ng'ombe. Niandike kama ilivyokuwa.

Gemu ni hivi. Una ng'ombe kumi na wawili upande wa pili wa mto, jua linazama, fisi wapo. Ukibonyeza, sauti ya bibi inaita, na ng'ombe wanageuza shingo. Ukiita mapema mno wanapuuza. Ukichelewa, fisi amemla mmoja. Lazima ujue yupi anatangulia, umwite huyo, wengine watafuata. Nani asiyejua hilo huku kwetu? Yule wa jezi za Ulaya ndiye asiyejua.

Masunga alicheza saa nzima. Fisi alipomla ndama alipiga meza. "We bibi, ita tena! Ita!" Watu wakasimama mlangoni. Wengine wakatoka kwa Maftaha kuja kuangalia. Jenifer alikuwa amesimama nyuma, amekunja mikono, hacheki, lakini namjua mwanangu.

Kwa mara ya kwanza msimu huu nimelala mchana usingizi wa kweli.

Jumamosi, 26 Julai

Maftaha amevuka barabara. Amekaa kwenye kiti changu kizuri.

"Mzee Malimi, mji huu hauna watu wa kutosha vyumba viwili vya gemu. Wewe unajua, mimi najua."

"Najua."

"Nyinyi Wasukuma mna utaratibu mzuri wa mbina, yale mashindano ya ngoma. Kundi la Bagika linacheza huku, la Bagalu linacheza kule, saa ileile, uwanja mmoja. Hakuna jaji. Watu wakikimbilia upande mmoja, umeshinda. Tufanye hivyo Nane Nane, baada ya swala ya Ijumaa. Atakayeachwa na watu anaacha gemu, anabaki na kuchapa barua na fotokopi. Hakuna ugomvi."

Nikamtazama Jenifer. Nilitaka akatae.

"Tumekubali," akasema.

Ijumaa, 1 Agosti

Upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Mjini wanasema Maftaha ametafuta dawa ya mvuto, kama viongozi wa ngoma wanavyofanya. Upuuzi. Dawa ya Maftaha ni gemu jipya la mpira alilotoa Mwanza juzi. Vijana thelathini wamejipanga kuliangalia. Kwangu, wanne. Wazee wanapenda ng'ombe, lakini wazee hawajazi uwanja.

Nimechoka. Nimechoka kutumaini hasa, kazi ningeizoea.

Jumanne, 5 Agosti

Mama ana homa na kikohozi. Jenifer amekwenda Sapiwi kumwangalia, atarudi Alhamisi. "Usiguse kitu, baba," akasema akipanda baiskeli ya kukodi. Angesema "usiguse kompyuta ya tatu" ningeelewa. Hapana, nisimsingizie. Nilielewa.

Jumatano, 6 Agosti

Naandika hili kama nilivyoandika ajali za ginneri, ili ijulikane nani alikuwa kwenye zamu. Mimi nilikuwa kwenye zamu.

Asubuhi nilihesabu watu wa Maftaha kupitia mlango wangu, nikaacha kuhesabu. Nikamwona akilini Jenifer anabeba begi, mimi nabaki na pengwini. Nikaenda kwa Joakim. Akanipa sidii ya Windows na sidii ya lile gemu jipya. "Weka kwenye moja tu, mzee," akasema, "ile yenye nguvu. Ijumaa upate hata watu wa kujaza mlango. Ikikuuliza, ijibu ndiyo tu."

Hofu yangu ya kupoteza gemu la ng'ombe nilikuwa nimeshaituliza. Siku za mwanzo nilimwona Jenifer akiwasha mashine kwa sidii tupu, Linux ikafunguka yote bila kuwekwa ndani. Kwa hiyo nilijiambia vitu vyake vinakaa kwenye sidii. Sidii zake zipo kabatini, hazijaguswa. Sasa nitaharibu nini?

Na kuna tabia ya ginneri. Kabla ya pamba mpya unasafisha mashine, unatoa mbegu zote za zamani, hata moja isibaki, zisichanganyike. Ukiacha mbegu ya zamani umeharibu robota zima la pamba. Miaka ishirini nimefanya hivyo, nikasifiwa. Mashine ikaniuliza kama nifute vyote. Nikaona hata fahari kidogo. Inajua kazi, nikasema. Nikabonyeza ndiyo.

Ikachukua saa moja. Mpira ukawaka, vichwa vipo, lakini ukienda mbele unakwama, unasubiri, unaruka, kama mtu mwenye kwikwi. Sauti hakuna. Ilipofika saa tisa kijana mmoja akachomeka flash, na mashine ikaanza kufungua madirisha yenyewe.

Hapo ndipo nilipochukua sidii za Jenifer kabatini, nikaweka moja, nikatafuta ng'ombe. Nikaweka ya pili. Nikaweka zote.

Alhamisi, 7 Agosti

Amerudi saa nane, vumbi mpaka nyusi. Bibi anaendelea vizuri, amesema. Akawasha ya tatu. Akaitazama. Akaizima, akaiwasha tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua imehamwa.

"Nani?"

"Mimi."

Alikaa chini. Nilisubiri apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele.

"Baba, ulitaka nibaki?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukuamini hata siku moja?"

Nikamweleza habari ya sidii, na ya mbegu za zamani. Maneno yalikuwa yananitoka na mimi mwenyewe nasikia yalivyo mepesi. Akasema mistari ya gemu ipo kwenye flash yake, ya mwezi wa saba na ya juzi, nyingi ipo. Picha nusu zipo. Sauti hazipo.

"Sauti ya bibi ilikuwa humo tu," akasema. "Na sasa hivi bibi hana sauti, kikohozi kimeikausha. Anaongea kama karatasi."

Akaitoa Windows yangu bila kuniuliza, akaweka Linux, akaanza kuwarudisha ng'ombe mmoja mmoja. Nilimpikia ugali, haukuliwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi yangu yamekuja na bibi yake.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Tumeshindwa.

Baada ya swala Maftaha alifungua milango yote miwili na kuweka spika nje. Watu walijaa mpaka barabarani, malori ya pamba yakapiga honi. Kwetu walikuja kiasi, wengi watu wa vijijini waliosikia habari ya ng'ombe. Wakacheza. Lakini ng'ombe sasa ni bubu, na anayeita ni bubu. Unabonyeza, kitu hakisikiki, ng'ombe wanageuka tu kama wamekumbuka jambo.

Masunga alijaribu mara tatu. Akaweka kipanya chini taratibu. "Mzee, samahani. Ng'ombe hawezi kurudi bila kuitwa. Hata moyo unakataa." Akavuka barabara. Wengine wakamfuata, kama ilivyo siku zote, akitangulia mmoja.

Saa kumi na moja chumbani tulikuwa wawili. Jenifer akazima mashine zote tano, moja moja, kwa utaratibu unaotakiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Amefua nguo zake zote.

Jumanne, 12 Agosti

Begi liko mlangoni, basi la Dar ni kesho. Asubuhi nilikuwa nachapa barua ya mtu anayedai shamba, Maftaha akaingia. Uso umemwanguka.

"Jenifer yupo? Mashine zangu nane zote zimekufa. Ijumaa kila mtu alichomeka flash. Joakim amekuja mara mbili, anafuta, zinaugua tena kabla hajamaliza chai yake."

Nilitaka kumwambia hayupo. Naandika ukweli, nilitaka. Kwamba ashike dawa yake ya mvuto aitafune. Jenifer akatoka ndani na sidii zake mkononi, akalipita begi, akavuka barabara.

Alirudi saa kumi. Amewasha mashine za mshindani wetu kwa Linux, akatoa virusi, akaokoa hata picha za harusi za watu. Maftaha amemwomba abaki kwake. Nne zitakuwa Windows kwa ajili ya mpira, na hazitaguswa na flash ya mtu. Nne zitakuwa Linux kwa kazi yote nyingine, na kwa gemu lake. Chumba atakiendesha yeye.

"Nimemwambia nitakuuliza wewe kwanza," akasema.

"Kwa nini uniulize? Mimi ndiye niliyefuta."

"Kwa sababu ni ng'ambo ya barabara, baba. Si Dar."

Nikasema ndiyo. Msimu huu nimesema ndiyo nyingi, hii peke yake sikuisema kwa hofu. Nilipoingia ndani nikaona begi amelirudisha chini ya kitanda. Nikalia kidogo, mtu mzima na mvi zangu. Basi.

Jumapili, 17 Agosti

Tumekwenda Sapiwi sote wawili. Mashambani watu wanang'oa mabua ya pamba, mengine yameshachomwa, moshi umelala chini. "Mwadila mayu," nikamsalimu mama. Akaitikia kwa midomo tu. Amepungua, lakini macho yaleyale.

Jioni ng'ombe walipokuwa ng'ambo ya kijito, Jenifer akatoa simu. Mama akajaribu. Kikatoka kikohozi. Akajaribu tena, akashika kifua, akacheka bila sauti. Kisha akaninyooshea fimbo.

"Ita wewe."

"Mama, sijaita ng'ombe miaka arobaini. Mimi ni mtu wa mashine."

"Ita," akasema kwa ile sauti ya karatasi. "Ulimfuta mama yako, sasa lipa." Kumbe Jenifer alimsimulia. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Nikasimama kwenye jiwe. Mara ya kwanza nilitoa sauti ya mtu anayemwita konda. Ng'ombe hawakuinua hata sikio. Mara ya pili nikafumba macho, nikawa na miaka minane, jua linazama na Uhuru ametangulia mbali na ninaogopa kurudi nyumbani bila yeye. Nikaita kwa hofu ileile. "Uhuuuru! Hooo! Uhuuuru!"

Yule jike jeusi akageuza shingo. Wengine wakafuata.

Jenifer alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, bado inarekodi.

Jumamosi, 6 Septemba

Wanunuzi wa pamba wamefunga mizani. Mawingu yameanza kukaa upande wa ziwa. Msimu umeisha, na daftari limebakiwa na ukurasa mmoja, kwa hiyo nijibu swali nililomuuliza mwanangu siku ya kwanza. Linux inafaa kwa gemu? Kwa gemu la mpira, hapana, usidanganyike, vichwa vitapotea na wateja pia. Kwa anayetaka gemu ambalo hakuna mtu wa Ulaya atakayekaa amtengenezee, ndiyo, ila alale njaa kwanza. Na asimwache baba yake peke yake na mashine.

Mimi nachapa barua na kutoa fotokopi. Mashine zangu tano zinaamka kila asubuhi.

Ng'ambo ya barabara ng'ombe wana watu. Masunga ameleta shemeji zake kutoka Lalago. Mchana kutwa nasikia sauti yangu ikiita kutoka chumba cha Maftaha, mara kumi, mara ishirini, na watu wasionijua wanaigiza wakipita njiani. Mwanzo nilikuwa naona aibu. Sasa nachapa tu.

Leo saa kumi na mbili ugali ulikuwa tayari na Jenifer hajatokea. Nikasimama mlangoni. Kule ndani mtu akabonyeza, na mimi wa kwenye kompyuta nikaita, "Uhuuuru! Hooo!" Basi mimi wa mlangoni nikaitikia kwa nguvu zote, "Jeniii! Hooo! Ugali!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Jenifer akatoka, ameziba uso kwa mkono, akaangalia malori kushoto na kulia, akavuka.